Maji Yasiyowekwa Chini

Watu wa mtaa wetu walizoea kuniuliza: wewe mama, mtu wa swala tano, kila Jumatatu unamfuata Baniani njiani kama kivuli chake, unatafuta nini? Wengine niliwajibu, wengine niliwaacha na midomo yao. Sasa shoga yangu hayupo na hakuna anayeuliza tena. Basi nitasema bila kuulizwa.

Tulikaa nyumba moja, ile ya ghorofa ya zamani upande wa Mchafukoge, yenye ngazi ya mbao na varanda inayoangalia barabarani. Wao juu, sisi chini uani. Mume wake alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa Uhuru, na marehemu mume wangu alishona kwenye baraza la duka hilo. Kwa hiyo hatukuchaguana, tulikutanishwa na riziki za waume. Yeye alikuwa na mimba yake ya kwanza, mimi na yangu, tukawa tunatapika asubuhi kwenye karo moja. Ukishatapika na mtu karo moja, hakuna tena cha kuoneana haya.

Alizaliwa hapa hapa mjini, na mama yake pia. India alikwenda mara moja tu, akarudi analalamika kwamba walimcheka anavyosema lugha yao. Kiswahili chake kilikuwa kikali kuliko cha watoto wangu. Shule hatukuwa nayo, si yeye si mimi. Mimi niliishia darasa la nne, yeye alitolewa mapema akajifunze kusukuma chapati. Tulijua kuuliza bei na kujibu kitu tulichoulizwa, na vilitutosha.

Wana mwezi wao mtukufu, unaitwa Shravan. Huangukia wakati ule baridi ya kipupwe inaanza kutuaga. Jumatatu za mwezi huo alikuwa anafunga, anakula mlo mmoja jioni. Mwaka wa kwanza nilimwona na kikombe, nikamwambia, kufunga gani huku unakunywa chai? Akanijibu, "Na nyinyi kufunga gani, mnakula usiku kucha mpaka mnatoka Ramadhani mmenenepa?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kuanzia hapo kila mmoja alimheshimia mwenzake mfungo wake. Ramadhani hakuniletea harufu ya vitunguu mchana, na mimi Jumatatu zake sikukaanga samaki uani.

Alinisimulia kwamba kule kwao India, mwezi huo watu hubeba maji ya mto wao mtakatifu, wakatembea peku siku nyingi mpaka kwenye hekalu, wakayamwaga juu ya jiwe la mungu wao Shiva. Maji hayo hayawekwi chini njiani. Ukiyaweka chini yameharibika, unarudi ulikotoka kuchota mengine. Hapa Dar mto huo hatuna. Tuna Msimbazi, na Msimbazi kila mtu anaujua ulivyo. Kwa hiyo mama mkwe wake, mwanamke mmoja mkavu sana, alikuwa na kichupa cha maji ya mto wa kwao walicholetewa na ndugu. Alitia tone moja ndani ya chombo cha shaba, akajazia ya bomba, akabeba kifuani kwa mikono miwili mpaka hekaluni Kisutu. Na mama mkwe huyo alikuwa ameongeza sharti lake mwenyewe: anayebeba maji asiseme. Neno likimtoka, safari imekatika. Alipokufa alimwachia mkwewe kile chombo cha shaba pamoja na lile sharti.

Kutoka nyumbani kwetu mpaka hekaluni si mbali, ukipiga chafya umefika. Miaka yote hiyo shoga yangu alienda na kurudi kabla uji wangu haujachemka. Njia ndefu ilikuja baadaye, na ilikuja kwa sababu ya binti yake.

Alikuwa na wavulana wawili waliokwenda Uingereza wakabaki huko, na binti mmoja aliyebaki dukani na baba yake. Binti huyo nilimbeba mgongoni, alikojoa kanga zangu zote. Akapendana na kijana wa Kichagga, mtoto wa wenye duka la jumla la vyombo vya plastiki Kariakoo. Kijana alikuja kununua kitambaa cha pazia. Wiki iliyofuata akaja tena kununua pazia, na iliyofuata tena. Mume wangu akaniambia kule barazani, hiyo nyumba yao ina madirisha mangapi? Tulijua kabla ya baba yake kujua. Walipofunga ndoa bomani, ndipo mzee alipojua.

Kwao mtu akifa, waliobaki wanaoga. Mzee aliteremka ngazi mchana kweupe, akaingia bafu letu la uani, si la juu kwake, ili nyumba nzima ione. Akajimwagia maji na nguo zake mwilini. Akatoka amelowa, akasema binti yake amekufa. Kisha akamwita mke wake, akauchukua mkono wake akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, na akamtaka aape: siku atakayosema na binti yule, mume wake afe. Mimi nilikuwepo pale, nimeshika ndoo. Shoga yangu aliapa. Sauti haikutoka vizuri, akaambiwa arudie, akarudia.

Kiapo cha kichwa kwao si mchezo. Mtu anaweza kudanganya mbele ya hakimu akaenda nyumbani akalala. Lakini ukishika kichwa cha mtu ukaapa, ukivunja umemuua. Shoga yangu aliamini hivyo kama ninavyoamini mimi kwamba nitafufuliwa. Nilimwambia mzee ana hasira, itapita. Nikamwambia, kama huwezi kusema naye, sema na mimi, nitamfikishia. Akakataa. Akasema, "Hapo nitakuwa nasema naye kwa mdomo wako. Kichwa ni kile kile." Akanikataza pia nisimwambie binti habari ya kiapo, asije akajiona yeye ndiye kamba shingoni mwa baba yake. Nikanyamaza. Binti alijua amekatazwa kuja nyumbani, basi. La kichwa hakulijua.

Shravan iliyofuata, asubuhi ya Jumatatu, shoga yangu aliteremka peku, chombo cha shaba bado hakijajazwa. Akaniambia, "Shoga, nisindikize leo, nakwenda kwa njia ndefu." Nikauliza ndefu ya wapi. Akasema kupitia Mnazi Mmoja, kuingia Kariakoo, kuzunguka mtaa wa Msimbazi, ndipo kurudi Kisutu. Alikuwa amemwambia mume wake kwamba safari ya maji inatakiwa ichoshe miguu, na ile ya mama mkwe ilikuwa fupi mno, ni aibu. Mzee alimwogopa mama yake hata kwenye picha, ile yenye shada la maua ukutani, akakosa la kupinga. Alijua vizuri duka la yule kijana liko wapi. Lakini mke asiyeweza kufungua mdomo anaweza kupita popote. Nadhani hivyo ndivyo alivyojituliza.

Na mimi nilihitajika kweli. Anayebeba maji hawezi kusema nipishe, na Kariakoo bila kusema nipishe hupiti. Shoga yangu alitembea na macho yake kwenye maji, mimi nikawa mdomo na viwiko. Niliwasukuma wenye mabunda ya mitumba, niliwafokea wenye pikipiki. Msukuma mkokoteni mmoja aliniuliza, "Bibi, mwenzako kafanyiwa nini, mbona hasemi?" Nikamwambia anasema na wenye akili, wewe pita. Mwingine alitaka kujua kama yule mama anauza maji, amiminiwe nusu. Nikamjibu bei yake ni kufunga mdomo mwezi mzima, ataweza? Wenzake wakamzomea. Baada ya miaka walituzoea, wakawa wanatupisha wenyewe wakituona tunakuja, wanaambiana, pisheni, mama bubu na mama kelele hao.

Mara ile ya kwanza, tulipofika mbele ya duka, binti alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mlango, anahesabu mabeseni. Akamwona mama yake. Mabeseni yakamponyoka, yakaviringika hadi barabarani. Shoga yangu akasimama. Hakusema, asingeweza kusema, ana maji. Binti akamtazama, akanitazama mimi, akaelewa. Hii sheria amekua nayo. Akaniamkia, "Shikamoo ma'mkubwa." Nikamwitikia marahaba, nikaanza kumhoji kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo: hujambo, mumeo hajambo, unakula, mbona umekonda, mama mkwe wako anakupenda au anakusumbua? Na yeye akanijibu mimi, kwa sauti kubwa vile vile, macho yake hayatoki kwa mama yake. Nilikuwa kama ukuta ambao watu wawili wanaegemea, huyu huku na huyu kule.

Ikawa hivyo kila Jumatatu ya mwezi ule, kila mwaka. Yule kijana wa Kichagga, na hapa niseme haki, alikuwa na adabu. Tukikaribia alizima muziki. Alitandika boksi mbele ya duka ili mama mkwe wake asisimame peku kwenye maji machafu. Aliinamisha kichwa tu, akaenda nyuma kupanga ndoo. Walipozaa, binti alimnyanyua mtoto juu kama mtu anayeonyesha bidhaa, akaniambia mimi jina lake, uzito wake, saa aliyozaliwa. Shoga yangu alisimama pale mpaka chombo kikamzidi uzito, ndipo tulipoondoka. Hekaluni aliingia yeye akamwaga maji yake, mimi nilimngojea nje getini.

Tukirudi, mdomo wake uko huru, alisema habari ya kila kitu duniani isipokuwa ile. Bei ya dengu. Mvua za Jangwani. Mara moja tu, tumeshafika kwenye ngazi zetu, aliniuliza, "Yule mdogo, lile jino la mbele limevunjika au halijaota?" Nikamwambia si umemwona mwenyewe. Akasema sikuona vizuri, kulikuwa na jua. Siku ile kulikuwa na mawingu.

Mimi nilichoka na jambo hili mapema kuliko yeye. Mzee alikuwa na sukari na presha, ana umri wa kumzidi mke wake sana, na kiapo kilimfunga shoga yangu mradi mzee yu hai. Nasema wazi: nilimngojea mzee wa watu afe. Nilimpikia uji akiugua, na nilikuwa nangojea. Kama shoga yangu naye alingojea, hakunipa hata dalili. Kila asubuhi alimpangia vidonge kwenye kisahani, kila jioni alimkagua vidole vya miguu kimoja kimoja kama vina kidonda. Mtu akikuwekea kichwa chake mkononi unakilinda, hata kama kimekutesa.

Badala ya mzee, akaanza kuugua yeye. Moyo. Akivuka uani anashika ukuta, miguu imevimba imejaa ndani ya ndala. Daktari alimwambia asipande ngazi, na yeye alikaa ghorofani. Shravan ya mwaka jana ilipoingia, hata mume wake alimwambia apumzike, Mungu anaona. Mimi nikamwambia simsindikizi, simpeleki mtu akafie Kariakoo. Akajaza maji yake taratibu kwenye bomba, akafunga bomba, akasema, "Basi nitakwenda peke yangu. Nikigongwa na mkokoteni utanisikia redioni." Kisha akafunga mdomo, maana alikuwa ameshabeba. Unabishana vipi na mtu wa namna hiyo? Nikavaa ndala zangu nikatoka.

Tulikwenda kama konokono. Mnazi Mmoja nilimkalisha mara mbili kwenye ukingo, chombo mapajani. Tulipofika dukani jua lilikuwa limeshakuwa kali na Kariakoo imefurika. Akapanda juu ya boksi lake. Binti akaanza kuniamkia, akakatiza katikati, kwa sababu mikono ya mama yake ilikuwa inatetemeka na maji yanaruka. Chombo kikainama. Binti akaruka ngazi akakidaka kwa chini.

Walikishika wote wawili. Nadhani walikuwa hawajagusana tangu kabla ya kile kiapo. Kisha vidole vya shoga yangu vikaachia, polepole, na maji yakawa ya binti.

Binti alijua la kufanya. Akavua viatu vyake pale pale, akaviacha mbele ya mteja aliyekuwa ananunua jagi. Mdomo akaufunga. Mume wake akamwambia nenda, mimi nipo. Tukaanza njia kuelekea hekaluni: yeye mbele na maji, mama yake nyuma yake hatua chache, mikono mitupu, hajui aiweke wapi, na mimi pembeni. Mabubu wawili na mama kelele mmoja.

Kwa mara ya kwanza shoga yangu alikuwa njiani bila maji. Sharti la mama mkwe halikumhusu tena. Lililobaki ni lile la kichwa. Nilimsogelea nikamnong'oneza, sasa huna maji, sema basi neno moja, Mungu si mjinga. Akatikisa kichwa kukataa. Alikuwa anautazama mgongo wa binti yake, nywele zimeanza mvi, kisigino kimepasuka. Alitazama kile kisigino njia nzima.

Kuna mahali karibu na kona, chemba iko wazi, mfuniko wameiba na wameweka tawi la mti kama alama. Siku ile hata tawi halikuwepo. Binti alikuwa na macho yake kwenye ukingo wa chombo, asimwage, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Mimi nilikuwa nagombana na mwenye pikipiki. Nikasikia sauti ya shoga yangu, kwa lugha yao, maneno mawili ambayo nimeyasikia kwenye ile ngazi yetu yenye ubao uliotoboka tangu watoto wetu wanatambaa.

"Mwanangu, shimo."

Binti akasimama, mguu uko hewani. Akaurudisha. Akalizunguka shimo, akageuka, na uso wake sitausahau mpaka naingia kaburini. Ulikuwa uso wa mtoto aliyeitwa ndani wakati wa kula. Hakuweza kujibu, ana maji. Alisimama tu anamtazama mama yake, anacheka na machozi yanamshuka bila mkono wa kuyafuta.

Nilipomgeukia shoga yangu, alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akaishusha. Akaniambia mimi, kwa Kiswahili, sauti ndogo, "Shoga, nimemuua mzee."

Akageuka akakimbia. Mtu asiyeweza kuvuka uani alikimbia, na miguu ile, katikati ya Kariakoo, sari imemfunguka bega, watu wanapisha wakidhani kaibiwa. Nilimwita, hakusikia. Binti alibaki amekumbatia chombo, uso ule wa furaha unabomoka polepole kwa sababu hakuelewa kitu. Alichokiona ni mama yake amemsemesha, kisha amemkimbia. Nilimwambia peleka maji, mimi namfuata. Sikuwa na muda wa kumweleza, na hata ningekuwa nao, nilikuwa nimekatazwa.

Nilichukua bajaji, nikampata Mnazi Mmoja amekaa chini na mkono kifuani, anataka kuinuka hawezi. Tukampakia mimi na dereva. Ndani ya bajaji alikuwa anaomba mungu wake, na katikati ya maombi ananiuliza, atakuwa ameanguka wapi, chooni au kitini? Ngazi za nyumbani alizipanda kwa magoti na viganja, amekataa kusubiri abebwe.

Mzee alikuwa kwenye kiti chake, anachovya biskuti kwenye chai, anaangalia taarifa ya habari. Akauliza mbona mapema. Shoga yangu akamwekea mkono kichwani, akaupitisha kila mahali, paji, kisogo, masikio, kama mtu anayepapasa papai sokoni. Mzee akauliza ana wazimu gani leo. Shoga yangu akakaa sakafuni pale pale, mgongo kwenye miguu ya kiti, na hakuinuka tena mwenyewe.

Tulimpeleka hospitali Upanga, akalazwa. Siku ya pili alipata nafuu ya kusema. Mzee alikuwa ametoka kutafuta maji ya kunywa, tukabaki wawili.

"Hakufa," akasema.

Nikamwambia ndiyo, hakufa.

"Nimesema naye na hakufa, shoga. Amekula na biskuti." Kisha akasema tena, "Miaka yote ile."

Nilimfunika miguu. Halafu nikamwambia nakwenda sasa hivi kumleta, bajaji zipo hapo nje. Akanishika mkono akakataa. Hakutaka aje hapa, kwenye kitanda, mbele ya baba yake, waanze kulizana na manesi wanatazama. Alikuwa ameshapanga. "Jumatatu nitakuwa na nguvu," akasema. "Nitakwenda mwenyewe dukani, bila maji. Nitakaa kwenye stuli yao nitaongea mpaka achoke, aniambie mama nenda nyumbani." Alisema hivyo anatabasamu kidogo, na nilimwona amependeza kama msichana. Nikakubali. Alikuwa amengoja sana, nilimwona ana haki ya kuchagua mahali.

Jumatatu haikumkuta. Alikufa Jumamosi mchana, watu wakiwa kwenye foleni ya kuona wagonjwa.

Wao hawachelewi kuchoma maiti, na wanawake hawaendi kule. Wanaume walimteremsha kwenye ngazi zetu amefunikwa maua, na sisi wanawake tukabaki mlangoni. Binti alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara chini ya turubai la muuza simu, mume wake kamshika bega. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita. Baba yake alipita na kichwa chini, sijui kama alimwona. Gari likaondoka, na binti alibaki anatazama ile ngazi tupu.

Siku za msiba zikiendelea, mzee aliteremka akakaa kwenye ngazi ya chini, karibu na jiko langu. Hakuwahi kukaa pale. Akaniuliza, "Mama, wewe ulikuwa naye. Alikuwa anakimbia nini?"

Nikamwambia yote: maji, shimo, maneno mawili, kichwa chake. Sikupunguza makali. Alisikiliza anajikuna goti. Kisha akasema yale yalikuwa maneno ya hasira tu, hata yeye aliacha kuyaamini mwaka ule ule. Nikamuuliza mbona hukumwambia. Akasema alikuwa anamngojea mke wake aanze.

"Aanze na nini, mzee? Mdomo si ulimfunga wewe?"

Hapo akalia. Nilimwacha alie, nikaendelea kuchambua mchele. Alipomaliza akaniomba nimwite binti, aje nyumbani. Nikamwambia miguu unayo na duka unalijua. Mpaka leo hajaenda. Kila asubuhi anavaa viatu, anakaa varandani navyo, jioni anavivua.

Mimi nilikwenda, Jumatatu hiyo hiyo, bado ni mwezi wao. Nilivaa ndala zangu, mikono mitupu, na wasukuma mikokoteni wakaniuliza mama bubu yuko wapi. Nikapita. Boksi lilikuwa limeshatandikwa mbele ya duka. Sijui nani alilitandika, kwa kuwa wote wawili walijua mama hatakuja tena. Binti aliniamkia, nikaitika, akanipa stuli. Alikuwa anapachika vifuniko kwenye makopo, kimoja baada ya kingine, na hakuacha.

Akaniuliza, "Ma'mkubwa, nilimkosea nini pale? Mbona alinikimbia?"

Sharti la kunyamaza lilikwisha na mwenye nalo. Nikamweleza kuhusu mkono na kichwa, na kwa nini njia ilikuwa ndefu. Nikamweleza kwamba hakumkimbia yeye, alikimbilia kuona kama amekuwa mjane. Aliacha makopo. Alikaa na kifuniko mkononi, anakizungusha.

"Lile neno," akasema, "lilikuwa langu? Hakuwa anakuambia wewe kwamba kuna shimo?"

"Lako. Mimi hajawahi kuniita mwanangu."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea kitu akakiweka mahali. Mimi si mtu wa kuficha jambo ili kumpunguzia mtu maumivu, na hili lilikuwa lake pia. Nikamwambia kwamba mama yake alipanga kuja leo. Kwamba alisema atakaa kwenye stuli hii, bila maji, ataongea mpaka yeye achoke amwambie aende nyumbani.

"Nisingechoka," akasema.

Mteja aliingia akauliza kama beseni la bluu lipo kubwa zaidi. Binti akainuka akaenda kulitafuta.